Habari za Motokaa Yetu na Injini Yake Kubwa

Mara nyingi tumeulizwa na watu wapitao njia ya Lupiro kwa nini motokaa yetu, ambayo uso wake ni wa Land Rover ya zamani, hunguruma kama lori. Wengine hucheka, wengine husimama wakaikodolea macho. Na wale wenye motokaa kuukuu za kwao hutuuliza kwa haja, wakisema, "Waalimu, nasi twataka kutia injini kubwa kama yenu, twaanzia wapi?" Tumewajibu wengi kwa mdomo, mmoja mmoja, hata tumechoka. Basi tumeona heri kuiandika habari yote tangu mwanzo, pamoja na yale tusiyopenda kuyasema njiani, kwani njiani mtu husema sifa za chombo chake, akazinyamazia aibu zake.

Sisi wenye motokaa hii tu watu watano wa kijiji kimoja, ng'ambo ya mto Kilombero ukitoka Ifakara, upande wa kwendea Mahenge. Wawili tu waalimu wa shule, mmoja ni mwenye duka, mmoja ni kijana aliyejifunza kutengeneza pikipiki, na wa tano ni mzee wetu, Mndamba wa kuzaliwa, ambaye tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kuchonga mitumbwi. Mwaka 2009 mpunga ulikubali sana, nasi tukachanga fedha zetu tukanunua Land Rover iliyokuwa imelala miaka mingi chini ya mwembe. Hatukununua kwa fahari. Siku zile daraja la Kilombero halikuwapo bado. Hili daraja la mita 384 mlionalo sasa lilizinduliwa mwaka 2018. Watu wote wa upande wetu walitegemea kivuko, na hata kufika kivukoni kwenyewe kulikuwa kazi, maana wakati wa masika njia huwa tope tupu. Mgonjwa wa kwenda hospitali ya Mtakatifu Francis, Ifakara, alibebwa kwa baiskeli au kwa machela hata mtoni. Tuliwahi kumzika mama mmoja wa jirani kwa sababu hiyo, na katika mazishi yale ndipo shauri la motokaa lilipoanza.

Motokaa yenyewe ni ya aina iitwayo 109, maana yake kutoka ekseli ya mbele hata ya nyuma ni inchi 109. Ilitoka kiwandani mwaka 1981. Injini yake ilikuwa ya petroli, ya silinda nne, na ukubwa wake ni lita mbili na robo na kidogo. Injini hii ni ya stahamala. Haidai mengi, na fundi wa kijijini aweza kuifungua kwa spana chache. Lakini nguvu zake ni kama za farasi 70 tu ikiwa mpya, na yetu haikuwa mpya. Katika bonde haikututia aibu, kwa sababu bonde la Kilombero ni tambarare kama mkeka. Aibu ilikuwa mlimani. Mahenge iko juu karibu mita 1000 kutoka usawa wa bahari, na sisi wa bondeni tuko chini sana, hata njia haina budi kupanda kwa mizunguko. Tulipopakia magunia manane ya mpunga na abiria, motokaa ilipanda kwa gia ya kwanza, ikitoa moshi wa buluu, na kila penye kona kali abiria walishuka wakasukuma. Mtu alilipa nauli, kisha akasukuma motokaa aliyoilipia. Wengine walianza kutuimba.

Hata mwaka 2011 injini ikachoka kabisa. Ilikunywa oili sawasawa na petroli. Tukakutana nyumbani kwa mzee tufanye shauri: je, tuifungue tuitie pistoni mpya, au tutafute injini nyingine iliyo kubwa zaidi? Kijana wetu wa pikipiki alikuwa na hamu kubwa ya injini nyingine. Alikuwa ameona picha za Wamarekani wenye motokaa za zamani, Ford na Chevrolet, waliotoa injini za asili na kutia nyingine zenye nguvu mara mbili au tatu. Akasema, "Wao wanatia kwa mchezo, sisi tuna haja. Je, haja ishindwe na mchezo?" Maneno haya yalitupendeza sana. Twakiri kwamba sisi waalimu ndio tuliopendezwa kuliko wote, kwani tulijiona tumesoma.

Hapa twaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana jambo hili la Wamarekani tulilichungulia baadaye kwa makini, na lau tungalilichungulia kabla, tusingalipatwa na yaliyotupata. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilianza kuuza motokaa ya bei nafuu yenye injini ya silinda nane, nne upande huu na nne upande huu, zimepangwa kama herufi V. Nguvu zake zilikuwa za farasi 65, na kwa siku zile hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mtu wa kawaida. Baada ya miaka michache injini hizi zilipatikana kwa urahisi katika motokaa zilizoharibika, na vijana wakazitoa wakazitia katika Ford nyepesi za zamani zaidi, zile zenye injini za silinda nne. Motokaa zikaruka kama swala. Lakini Ford za siku zile zilikuwa na breki za vyuma virefu vivutwavyo na kanyagio, si za maji ya breki. Ford yenyewe haikuleta breki za maji ila katika motokaa za mwaka 1939. Basi wale vijana walipoona mwendo umezidi breki, walitafuta breki za motokaa za 1939 wakazifunga katika zile za zamani. Yaani, kijana wetu alikuwa ameona picha ya injini, na breki hazikuonekana katika picha.

Tena, mwaka 1955 kampuni ya Chevrolet ilitoa injini yake ya silinda nane, ambayo uzao wake umeendelea miaka mingi, na hiyo ndiyo Wamarekani wengi wameitia katika kila chombo chenye magurudumu. Wenye Jeep nao hawakuachwa nyuma. Jeep ya silinda nne ilikuwa na nguvu za farasi 75. Mwaka 1965 kampuni iliyoiunda, yaani Kaiser Jeep, ikaanza kutia injini ya silinda sita iliyotoka kwa Buick, yenye nguvu za farasi 155. Ni zaidi ya mara mbili katika gari lile lile dogo. Na Jeep si mgeni katika habari yetu, kwani ndiyo mama wa Land Rover. Maurice Wilks, mkubwa wa mafundi wa kampuni ya Rover huko Uingereza, alikuwa na Jeep ya jeshi shambani kwake baada ya vita, akaona chombo kama kile chafaa wakulima. Gari la kwanza la kujaribia liliundwa mwaka 1947 juu ya chasisi ya Jeep, na mwaka 1948 Land Rover zikaonyeshwa kwa watu huko Amsterdam. Basi motokaa yetu, ijapokuwa ni Mwingereza, bibi yake ni Mmarekani.

Turudi kwa shauri letu. Kijana akasema, injini ipo. Lori moja la Isuzu lilikuwa limepinduka mwaka uliotangulia, mwili wake umeharibika, lakini injini yake nzima. Ni injini ya dizeli ya silinda nne, ukubwa wake unakaribia lita tatu na tisa, yaani kubwa kuliko yetu kwa zaidi ya nusu. Na si ndoto tupu, kwa maana huko Australia Land Rover zilitoka kiwandani na injini za aina hii hii tangu miaka ya 1980, hata jeshi la nchi ile likazitumia. Nguvu zake katika magari yale ni za farasi 97 hivi. Msomaji atasema, kutoka 70 hata 97 si mbali. Ni kweli; lakini kuna nguvu ya mbio na kuna nguvu ya kuvuta. Farasi na ng'ombe waweza kufanya kazi sawa kwa siku nzima, bali anayeng'oa kisiki ni ng'ombe. Injini ile ya dizeli ni ng'ombe. Huvuta kwa nguvu ingali ikizunguka polepole, na mlimani ndilo litakiwalo.

Mzee alikuwa kimya muda wote, anachonga mpini wa kasia. Mwisho akasema, "Wanangu, mimi sijui injini. Lakini nimechonga mitumbwi mingi. Walipokuja watu na mashine za kufunga nyuma ya mtumbwi, walininunulia mitumbwi yangu wakafunga. Mtumbwi nilikuwa nimeuchonga kwa kasia. Nyuma ukapasuka. Wakarudi kunilaumu." Kisha akauliza, "Hii motokaa imechongwa kwa kasia gani?" Tukacheka kwa adabu. Mwenye duka akamjibu, "Babu, hii ni chuma, haipasuki." Mzee akasema, "Vema," akaendelea na kasia lake. Alitoa fungu lake la fedha kama sisi wote, wala hakusema neno tena.

Tukampelekea kazi fundi mmoja, ambaye hatutamtaja jina, maana kosa si lake peke yake. Tulidhani kutoa injini na kutia injini ni kazi ya siku nne. Ilikuwa miezi mitano.

Kwanza, injini haikukutana na giaboksi. Matundu ya boliti ya Isuzu na ya Land Rover hayalingani hata moja, na mti wa kati hauna budi kuingia katikati kabisa, maana ukikosea kwa unene wa ukucha tu, beringi zitalia na klachi itakufa. Ikatubidi kwenda Morogoro kwa mkereza vyuma, atukatie bamba la chuma nene la kuunganisha, na pete ya kushika klachi. Mtu yule alikuwa hodari wa ajabu. Alipima, akapima tena, akatufukuza kwa kumsumbua, na bamba lake halijatusumbua hata leo. Fedha tuliyompa twaona ilikuwa ndogo kuliko kazi yake, ijapokuwa siku ile tuliiona nyingi.

Pili, vikalio. Injini ya lori ni ndefu na nzito, ikataka kugusa ekseli ya mbele chini na boneti juu. Fundi akakata vikalio vya zamani, akachomelea vipya, akajaribu, akavikata tena. Rejeta ikasogezwa mbele. Springi za mbele zikalala kwa uzito hata motokaa ikawa kama mtu ainamaye kutafuta sindano. Tukaziongezea majani mawili kila upande.

Tatu, umeme. Jambo hili ndilo lililotuponza, kwa hiyo tutalieleza polepole. Lori lile lilikuwa na betri mbili, umeme wake volti 24. Land Rover ni volti 12. Ukiacha stata ya lori na dinamo ya lori, basi taa zako zote na kila kitu kitaungua. Ukibadili, wahitaji stata na dinamo nyingine. Stata ya volti 12 tuliipata kwa taabu Dar es Salaam, na bei yake ilimaliza fedha tulizoziweka kwa ajili ya breki. Dinamo fundi alikuwa nayo, ya motokaa ndogo ya petroli. Akaifunga, ikachaji vizuri, tukafurahi. Ile dinamo ya lori tukaiuza kwa mnunua vyuma chakavu.

Sasa, dinamo ya lori la dizeli si dinamo tu. Nyuma yake kumefungwa pampu ndogo ya kunyonya hewa. Kazi yake ni hii: motokaa nyingi nzito zina chungu cheusi cha bati mbele ya kanyagio la breki, ambacho wenye gereji hukiita sevo. Chungu hiki husaidia mguu wa dereva. Ndani yake hewa hunyonywa, na dereva akikanyaga, hewa ya nje huingia upande mmoja ikasukuma pamoja na mguu wake, hata mguu mmoja ukawa kama miguu mitatu. Injini ya petroli hunyonya hewa yenyewe kwa pumzi yake, kwa hiyo motokaa yetu ilipokuwa ya petroli, mpira mmoja tu ulitoka katika injini ukaingia katika chungu, ikatosha. Injini ya dizeli haina pumzi ya namna hiyo. Yavuta hewa wazi bila kizuizi. Kwa sababu hiyo walioiunda waliipa pampu. Nasi tuliiuza pampu kwa bei ya chuma chakavu. Mpira wa sevo ulipobaki unaning'inia hauna mahali pa kwenda, fundi aliuziba kwa kizibo cha mti. Tulimwona akikichonga. Mmoja wetu hata alimsifu kwa kukichonga vizuri.

Dereva alipoijaribu katika tambarare akasema, "Kanyagio ni zito kidogo." Tukamwambia atazoea. Juu ya hayo, ngoma za breki za mbele zilikuwa zile zile za zamani, na viatu vyake upana wake inchi mbili na robo. Baadaye ndipo tulipojua kwamba walioiunda Land Rover, wao wenyewe walipotia injini ya silinda sita katika 109, walipanua viatu vya mbele kuwa inchi tatu. Na mwaka 1979 walipotia injini ya silinda nane, ile ambayo Rover iliinunua kwa Wamarekani wa Buick, waliipunguza nguvu kwa makusudi: katika motokaa nyingine ilikuwa na nguvu za farasi 130 na zaidi, lakini katika hii waliiruhusu 91 tu, na giaboksi wakaibadili. Watu wenye kiwanda kizima, na wahandisi, na vipimo vya kila namna, waliogopa. Sisi hatukuogopa, kwani tulikuwa na kizibo.

Basi motokaa ikatoka. Twawaambia kweli, siku ile ya kwanza ya kupanda Mahenge ilikuwa ya furaha ambayo ni vigumu kuisimulia. Tulipakia magunia kumi na manne mahali tulipozoea kupakia manane, na abiria juu yake. Katika kona ile ambayo abiria walizoea kushuka bila kuambiwa, watu walianza kushuka kwa mazoea, dereva akawapigia kelele wakae. Motokaa ikapanda kwa gia ya pili, ikinguruma chini chini, haina haraka, haina moshi. Wanawake walipiga vigelegele. Mwenye duka alitoa machozi akasema ni vumbi. Tulikaa Mahenge siku mbili, tukauza mpunga, tukapakia maharage na ndizi za watu, na mikungu mingine tukaifunga juu. Kila mtu alitaka kupanda motokaa ya waalimu.

Miongoni mwa waliopanda kurudi alikuwamo mama mwenye mtoto mchanga mwenye homa, akitaka kuwahi Ifakara. Tukamweka mbele pamoja na dereva. Nyuma, juu ya mzigo, alikaa utingo wetu, kijana wa miaka kumi na minane, mjukuu wa mzee. Sisi wawili waalimu tulikaa nyuma pia.

Dereva alizoea injini ya petroli ambayo mtu aliiteremsha kwa gia ya pili kwa sababu hakuwa na hila nyingine. Sasa alikuwa na injini ya fahari, tena alikuwa na mgonjwa wa kumwahisha. Akateremka kwa gia ya tatu. Mwanzoni hapakuwa na neno. Alikanyaga breki kila kona, na kila kona kanyagio likawa zito zaidi, kisha, tulipofika karibu nusu ya mlima, likageuka likawa laini bila kazi. Tulisikia harufu ya kuungua. Utingo akapiga bati kwa kiganja, akisema, "Moshi gurudumu la mbele!" Dereva akajaribu kurudisha gia ya pili, gia ikakataa ikalia kama jino la msumeno, na kwa dakika ile motokaa ikawa haina gia wala breki.

Hatuwezi kueleza tuliwaza nini. Mwenzetu mmoja anasema alihesabu kona zilizobaki. Mwingine hakumbuki kitu ila migomba ya upande wa kushoto ikipita. Dereva, na hapa tutamshukuru siku zote, hakuruka nje. Aliipeleka motokaa kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, si upande wa bonde, ikapanda ukingo, ikakwangua, ikainama, ikalala ubavu polepole, na mizigo ikamwagika juu ya utingo.

Mama na mtoto walitoka kwa kupitia dirishani, hawana hata mkwaruzo. Sisi tulipata michubuko. Utingo alivunjika mguu chini ya goti na mfupa wa paja. Tulimtoa chini ya magunia ya maharage kwa mikono yetu. Hakulia. Aliuliza kama motokaa imeharibika sana, nasi tuliposikia swali lile tulishindwa kumtazama. Lori lililopita baada ya saa mbili lilituchukua sote, mama na mtoto wake na utingo, tukafika mtoni jioni, tukavuka, na usiku ule walikuwa wote wawili mikononi mwa waganga. Mtoto alipona homa yake baada ya siku chache. Utingo alilala hospitali wiki nyingi.

Kazi iliyokuwa ngumu kuliko kumtoa chini ya magunia ilikuwa kwenda kwa babu yake. Tulikwenda wote wanne asubuhi yake. Tulimwamkia, "Shikamoo, babu," akaitika, "Marahaba, wanangu, karibuni," kama siku zote, akatuonyesha viti. Habari alikuwa amekwisha kuzipata. Tulikuwa tumepanga nani aseme, lakini aliyepangwa hakusema, na asiyepangwa akaanza akakatika. Mwisho mmoja wetu akapiga magoti akasema, "Babu, ulituuliza nasi tukacheka. Tunaomba utusamehe." Mzee akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza jambo tusilolitazamia: "Kitu gani kilipasuka?" Tukamweleza habari za breki, na sevo, na pampu, na kizibo cha mti. Alisikiliza yote kwa makini, akauliza tena juu ya kizibo, ni cha mti gani. Hatukujua. Akasema, "Mlikuwa na mchonga mti nyumbani kwenu, na kizibo mkamwachia fundi wa vyuma." Hatukuweza kujua kama anatukemea au anatutania, hata machozi yalipomtoka. Akatusamehe. Lakini alituambia pia kwamba gharama yote ya mguu wa mjukuu wake itatoka katika motokaa, si katika mifuko yetu, ili motokaa ile ile ifanye kazi ya kulipa. Kwa hiyo hatukuwa na ruhusa ya kuiuza wala kuiacha ilale.

Kwa agizo hilo tukaanza upya, na mara hii hatukuanza na injini. Tulipata ngoma na viatu vya mbele vya inchi tatu kutoka katika 109 ya silinda sita iliyokufa, huko Morogoro. Tulitafuta pampu ya kunyonya hewa, tukaipata pamoja na dinamo ya volti 12 ya gari la dizeli, tukaifunga na mpira wake mpya. Tulibadili mabomba yote ya maji ya breki. Kijana wa pikipiki alikwenda kukaa kwa fundi mwingine miezi mitatu bila mshahara ili ajifunze breki tu. Watu walimcheka, kwani kila kijana hutaka kujifunza injini. Tukaandika ndani ya mlango kwa rangi nyeupe: MAGUNIA TISA. Tulikuwa tumeandika kumi, mzee akamtuma mtoto kuja kutuambia tufute.

Je, injini ni njema? Wanaotuuliza njiani hutaka kujua hilo tu. Ni njema. Hunywa mafuta kidogo kuliko ile ya petroli, na hupanda mlima bila ugomvi. Giaboksi ndiyo inayolalamika. Imekwisha funguliwa mara tatu, kwani haikuumbwa kuvutwa na ng'ombe wa namna ile, na nyuma tumevunja hafu-shafti mbili kwa kuikwamua topeni kwa pupa. Mtu mwenye injini ya asili iliyo nzima, twamshauri aitie pistoni mpya alale usingizi. Mwenye kukazana kutia kubwa, na aanze kwa kuuza ng'ombe mmoja kwa ajili ya breki, kabla hajauliza bei ya injini yenyewe.

Utingo wetu mguu wake uliungana, lakini mfupi kidogo kuliko mwenziwe, hata sasa huchechemea. Alipotoka hospitali tulidhani hataitazama motokaa tena. Alijifunza udereva, na tangu mwaka 2014 yeye ndiye anayeiendesha. Kila asubuhi kabla ya kuiwasha hukanyaga breki mara tatu, injini ikiwa imezimwa, hata kanyagio likawa gumu. Kisha huiwasha huku mguu wake ungali juu yake, na kanyagio likizama kidogo chini ya mguu, ndipo ajuapo kwamba pampu inanyonya. Likikataa kuzama, huzima, hushuka, na abiria wakipiga kelele huwaacha wapige. Mlima wa Mahenge huteremka kwa gia ya pili, na pale penye ukingo uliokwanguliwa, ambapo majani yameota tena, huingia ya kwanza, ijapokuwa hapana haja.

Mzee alipanda motokaa mara moja tu, daraja lilipofunguliwa, ili avuke mto Kilombero bila mtumbwi. Alikaa nyuma, juu ya mzigo, mahali pa utingo. Katikati ya daraja akaomba isimamishwe, nasi tukamwambia hairuhusiwi kusimama darajani. Basi ikapunguza mwendo tu, naye akainama akatazama maji mpaka tukafika ng'ambo.